Ubeti wa Jumbe Mwinyigogo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole nisikike.

Hapo zamani za kale palikuwa na malenga, Mzee Ngwali. Hakuandika hata herufi moja. Tungo zake zote alizitia kichwani mwa bintiye, Mwanatumu. Binti akitwanga, anaghani. Akifua, anaghani. Siku ya kufa kwake mzee alimwambia, "Mwanangu, usiongeze, usipunguze."

Akafa. Watu wakaanza kuja mlangoni.

"Mwanatumu, baba yako alisahau kunisifu. Nichomeke mahali."

"Mimi aliniita mfupi. Nirefushe kidogo!"

Mwanatumu akawajibu wote, "Mimi natunza. Situngi."

Mara ko! ko! ko! Bakora ya Jumbe Mwinyigogo.

"Ule ubeti alionitungia baba yako uutoe. Ukiughani sikukuu ya mavuno, utahama kijiji hiki!"

Mwanatumu akafunga mlango, akawaza. Ahame aende wapi, na kaburi la baba yake liko pale pale? Na ahadi je? Siku tatu hakula akashiba.

Sikukuu ikafika. Ngoma ti! ti! ti! Jumbe yuko mbele, paja la kuku mkononi. Mwanatumu akaghani, akaghani, akafika penye ubeti ule. Akanyamaza.



Huko nyuma kikongwe mmoja, hana hata jino, akadhani binti amesahau. Akamsaidia kwa sauti:

"Jumbe wetu Mwinyigogo…"

Uwanja mzima ukadakia:

"…tumbo lake kama gogo,
Msibani hana zogo, hulia akitafuna!"

Wakarudia. Wakarudia tena. Mara saba! Makofi pa! pa! pa! Watoto wanajigaragaza mchangani. Jumbe ameganda, paja la kuku limekwama mdomoni.

Akalichomoa. "Mwanatumu!" akaita. "Wewe ukiusema, ni mara moja. Ukiuruka, mara saba! Urudishe, mwanangu, urudishe!"

"Nimesikia, Bwana Jumbe," akasema Mwanatumu, akajifunika uso kwa kanga. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, kwa kuwa sauti zote zile zilikuwa za baba yake.

Majumbe wa kabla ya Mwinyigogo hakuna awajuaye. Wa baada yake pia hakuna. Yeye mpaka leo tunamtaja, na tumbo lake.

Basi jamaa zangu, ukiachiwa maneno na mzazi wako, yatunze kama ulivyoyapokea, matamu na machungu. Siku ukizibwa mdomo, waliokusikia watasema.

Hadithi yangu imetua hapo.