Shamba Alilolilaza Mama Nyemo

Aliyelala hazikwi. Mmeusikia msemo huo leo mashineni, mlipopeleka uwele kusaga. Kijana mmoja alitaka kukata mgunga uliopukutika majani, mwenye mashine akamzuia kwa maneno hayo, nanyi mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Si maneno ya mababu, wajukuu zangu. Yalipozaliwa nilikuwapo.

Lakini kwanza kitendawili. Nina mgeni nimemlaza nje, simpi chakula, simfuniki shuka, akiamka analisha nyumba nzima. Ng'ombe? Hapana. Kuku anayeatamia? Umekaribia, lakini hapana. Basi kaeni nacho.

Mama Nyemo, jina lake Mbeleje, alikuwa jirani yangu. Mumewe, Mzee Ndahani, alikuwa mtu wa ng'ombe. Angeweza kukutajia bibi wa kila ndama zizini, ila ukimuuliza karanga hupandwa lini, alikuelekeza kwa mkewe.

Mbeleje alikuwa na mashamba mawili. Moja likilimwa, jingine linalala miaka mingi mpaka lirudishe nguvu. Alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, aliyechomeka jembe kuukuu kwenye pembe ya shamba lililolala, liwe alama. Tukipita hapo na kuni kichwani, Mbeleje alishusha sauti. Nilikuwa namcheka, namuuliza kama udongo nao una masikio. Yeye alisema mtoto akilala hapigiwi kelele.

Mwaka ule shamba lililokuwa macho lilikuwa limechoka. Kiduha kilichanua katikati ya uwele, maua mazuri ya zambarau, lakini ni gugu linalonyonya mizizi, na mkulima akiyaona hayo hujua mavuno yamekwenda. Mbeleje hakutishika. Alisema mvua zikija atamwamsha mwenzake, lile shamba lililolala. Kabla ya mvua, binti yake Nyemo akajifungua kijiji cha mbali, naye akaenda kumlea mzazi.

Huku nyuma wakaja watu wa umeme wa jua. Sitawasema vibaya, walizungumza kwa adabu. Walitaka uwanda wa kupanga vioo vyao, wakaahidi kutogusa shamba linalolimwa, na kijiji kingeletewa umeme, zahanati kwanza. Mkutano uliipima habari ile toka asubuhi mpaka jua la utosi. Watu wakamkumbuka mama aliyejifungulia kwenye mwanga wa tochi, tochi ikazima, na mtoto hatukumpata. Nani angekataa taa?

Kisha wanaume wakazunguka na wageni, sehemu kwa sehemu. Sisi wanawake tulibaki tunawapikia. Wakafika penye lile jembe, Ndahani akaulizwa kama hapo panalimwa. Akatazama. Akaona nyasi walizokula ng'ombe wake kila kiangazi. Akajibu, hapalimwi. Hakudanganya, wajukuu zangu, na hilo ndilo linaloniuma.

Mbeleje alirudi mafundi wameshaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Nilimpokea mzigo, tukaenda pamoja mpaka kwenye seng'enge waliyoizungushia shamba. Ndahani alikuwa pale, ameshika kanga mpya aliyomnunulia. Udongo uliotoka mashimoni ulikuwa mweusi, laini, unanukia kama siku ya mvua ya kwanza. Mbeleje akapiga magoti akauchota.

"Baba Nyemo, umewaambia nini hawa?"

"Waliuliza kama panalimwa. Hapa ni nyasi tu, Mama Nyemo."

"Ni nyasi kwa sababu nimelilaza."

"Hukuniambia."

"Mama yako alichomeka jembe pale, wewe unalipita na ng'ombe wako miaka yote. Ulidhani la nini?"

Ndahani akainamisha kichwa. Fundi mmoja akasema, "Pole, mama. Sisi tuliambiwa ni pori."

Mbeleje hakumtazama. Alimwambia mumewe, taratibu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiishusha tukipita na kuni: "Aliyelala hazikwi, Baba Nyemo. Hutikiswa kwanza."

Akakaa chini, akanyoosha miguu kama tukaavyo msibani. Zege likamiminwa. Mimi na wanawake wengine tukakaa naye mpaka mafundi wakakusanya vyombo vyao.

Taa ilikuja kweli. Wewe mdogo hapo ulizaliwa chini yake, na kila nikikuona nashukuru. Lakini shamba lililochoka halikupata pa kupumzikia. Kiduha kikalimaliza. Ndahani akawa anauza ng'ombe ili wapate uwele, na uzeeni akashika jembe, anang'oa kiduha kimoja kimoja huku mkewe akimwelekeza. Hawakugombana. Ile kanga tu, Mbeleje hakuivaa.

Alifariki kiangazi kimoja. Tulimwosha, tukamfunika kanga ile ile, bado ina mikunjo ya dukani. Wanaume wakasema jua linakwenda, tumtoe. Ndahani akasimama mlangoni, akaomba wasubiri. Aliingia, akapiga magoti, akaishika miguu ya mkewe akaitikisa polepole.

"Mzee, ameshakwenda," mwenyekiti akamwambia.

"Najua. Lakini siku ile mliniuliza nikajibu upesi. Aliyelala hazikwi, mwenyekiti."

Akaitikisa tena. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akamvutia kanga vizuri usoni, akasogea, wakambeba.

Tangu siku hiyo, mtu wa hapa akitaka kukata, kufukia au kutupa kitu upesi, atasikia maneno hayo. Kitendawili changu mmeshakipata, sihitaji kupewa mji.

Lile jembe mafundi walilitupa, Ndahani akalichomeka upya nje ya seng'enge. Kesho mtapita hapo mkienda shule. Mkilifikia, shusheni sauti. Aliyelala hazikwi.