Giaboksi ya Bwana Shekilindi

Bwana Shekilindi, tajiri wa vipuri vya mtumba pale Korogwe, alikuwa na sheria moja dukani: "Aliyefungua giaboksi, kanunua." Wengi walinunua bila kufungua, wakaifunga kwenye gari, ndipo wakagundua meno yameliwa.

Siku hiyo alikuja Zawena, fundi, akitafuta giaboksi ya pikapu. Aliizungusha shafti kwa mkono, akatega sikio.

"Mzee, tuifungue niangalie meno."

"Sheria unaijua, binti."

Zawena alijivuta pembeni, akaweka simu sikioni. "Ndiyo yenyewe," alinong'ona, ila mnong'ono ulifika hadi kaunta. "Mwenyewe hajui kilichomo. Nanywa chai, kisha nairudia."

Aliporudi, Shekilindi alikuwa amechuchumaa, spana mkononi, oili hadi viwikoni. Giaboksi ilikuwa wazi, na ndani meno matatu yalikuwa yamekatika.

"Ulisema kuna kitu humu!" alifoka mbele ya wateja.

"Nilisema hujui kilichomo. Hata mimi nilikuwa sijui." Zawena alichungulia, akatikisa kichwa. "Haya, hiyo umeshanunua, mzee. Lete nyingine, na spana usiiweke chini."