Masikio Mazito ya Bi Namkunda

Nyumba ya wazee ilitaka kuongeza vyumba, na jirani yake tajiri, Bwana Senkondo, akaapa kwamba halitapanda hata tofali moja. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama kifua mbele.

"Wazee hawa wana watoto. Wakakae huko!"

Bi Namkunda, mkazi wa nyumba hiyo, akatega sikio. "Sijakupata, mwanangu. Masikio yangu mazito."

"Nasema kila mzazi akakae kwa mtoto wake!"

"Hata kwa mtoto wa kike?"

"Hata kwa wa kike!"

"Hebu sogea, baba, nikusikie."

Senkondo akamwinamia, akarudia kwa kupaza sauti. Watu wakapiga makofi, naye akarudi kwake akitembea kama bwana harusi.

Kesho yake jioni alimkuta mama mkwe wake sebuleni, na mabegi. Kwao mwanamume halali chini ya paa moja na mkwewe, hata inyeshe mvua ya mawe.

"Shikamoo, mama. Umekuja kutusalimia?"

"Marahaba. Nimekuja kukaa, baba. Jana shoga yangu Namkunda alinipigia, akaficha simu kwenye kanga, nikakusikia mwenyewe. Umesema maneno mazuri!"

Alfajiri, shingo ikiwa imekakamaa kwa kulala garini, Senkondo alibisha hodi nyumba ya wazee.

"Bi Namkunda," alinong'ona, "vyumba vijengwe upesi. Saruji natoa mimi."

Bi Namkunda akatega sikio.

"Paza sauti, baba. Majirani hawajasikia."