Kitu Cheupe Kilichopita Juu ya Bwawa

Paukwa!

Pakawa.

Hamkuitikia hapo, mmepiga miayo. Mshamu, sogea, mpishe dada yako mkekani. Na nyie wakubwa mlioegemea mlango, ingieni au tokeni, upepo unaingia. Haya, paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kale hasa, Kanga alikuwa mweusi ti, hana doa hata moja, kama sufuria ya kuni. Na Kwale alikuwa mdogo wake. Ndiyo, ndugu, tumbo moja. Leo ukiwaona utasema hawa na hawa wapi na wapi. Lakini walikuwa ndugu.

Mama yao aliwalea chini ya mkunazi, njiani kwenda bwawani. Chini ya mkunazi ule palikuwa na kishimo cha vumbi. Vumbi laini kama unga wa muhogo, na jua la asubuhi likilipiga linakuwa vuguvugu. Maana ndege wale hawaogi maji, wanaoga vumbi. Basi mama anawaingiza humo. Kanga anammwagia Kwale mgongoni, fu, fu, fu. Kwale naye anammwagia Kanga, fu, fu, fu. Kwa sababu mgongo wako mwenyewe huufikii. Vumbi linatimka, wanapiga chafya, mama anacheka, wote wanacheka. Siku zile zilikuwa siku.

Mama akafa. Likabaki vumbi.

Matanga hayajaanuliwa, maneno yakaanza.

"Mimi ndiye mkubwa," Kanga akasema. "Naoga kwanza."

"Mkubwa wa nini? Mama alipougua, kumbikumbi alikuwa anamletea nani? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naatamia, mdogo wangu."

"Naatamia, naatamia. Utafikiri dunia nzima haina mayai ila yako."

Basi. Wakanuniana. Huyu akioga, yule anangoja kule. Yule akiingia, huyu anatoka na njia nyingine. Kila mmoja anaoga peke yake na mgongo unabaki na chawa. Na mimi hapa sisemi mtu. Wapo wawili humu ndani wanaonuniana kwa kinu cha marehemu mama yao, wenyewe wanajijua.

Kikaja kiangazi. Jua kali. Bwawa likanywea, likanywea, likawa kama sinia. Wanyama wote wakawa wanakunywa hapo hapo.

Sasa bwawa lile lilikuwa na desturi yake. Ukiona kitu kigeni njiani, huweki mdomo majini kabla hujakisema. Unakwenda kwa mzee Ngiri, unatoa habari, yeye anakwenda kuangalia. Ikiwa kweli, mnajikinga. Ikiwa umezua, wewe na watoto wako hamnywi. Maana tishio la uongo ndilo linalofanya wakubwa watimke na kukanyaga wadogo. Iliwahi kutokea, wakalia, wakaweka desturi hiyo.

Na Ngiri waliyempa kazi hiyo alikuwa anaijua. Ananusa chini, fhu, fhu, halafu anasema, "Chui amepita hapa alfajiri, na mguu wa nyuma unamuuma." Mnakwenda, mnamkuta Chui anachechemea. Hakuna unyayo alioshindwa kuusoma. Wote walimwamini.

Basi asubuhi moja Kanga anawapeleka vifaranga wake kunywa maji. Papatu, papatu, papatu, wamejipanga nyuma yake. Kwale naye anakuja nyuma, kwa mbali. Hawasemezani, lakini njia ni hiyo moja.

Walipofika kwenye mkunazi, kivuli kikapita.

Kanga akatazama juu. Akaona kitu. Kikubwa, kama shuka. Cheupe, kinang'aa. Hakina mabawa. Hakina mkia. Hakilii. Kinakwenda polepole, kinapanda, kinashuka, kinajikunja, kinajikunjua.

"Chini," akasema. Vifaranga wote chini ya mbawa, tii. Yeye mwenyewe akaficha kichwa. Alipokiinua, mbingu tupu.

Akageuka nyuma. Kwale amesimama, shingo ndefu, mdomo wazi, anatazama upande wa milimani.

"Umekiona?" Kanga akamuuliza. Lilikuwa neno la kwanza tangu matanga.

Kwale akainama, akadonoa mchwa. Hapakuwa na mchwa.

Kanga akaenda moja kwa moja kwa Ngiri.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Una habari?"

"Ninayo. Nimeona kitu cheupe, hakina bawa, hakina mguu, kinakwenda."

"Kimepita wapi?"

"Juu."

"Juu ya wapi?"

"Juu ya njia, Babu, pale kwenye mkunazi."

Ngiri akanyanyuka. Kwata, kwata, kwata. Wanyama nyuma yake, kila mmoja anataka kuona. Wakafika. Kanga akatazama juu, akingoja mzee naye atazame juu. Lakini shingo ya Ngiri mnaijua. Shingo ile haina habari na mbingu. Akainamisha pua chini, fhu, fhu, fhu.

"Hapa kapita Pongo. Hapa kapita Kobe, alikuwa na haraka."

"Kobe, haraka?" Tumbili akauliza kutoka mtini.

"Haraka yake. Hapa umepita wewe Kanga na wanao. Sasa hicho chako, nyayo zake ziko wapi?"

"Babu, kilikuwa juu."

"Nimekusikia. Nyayo ziko wapi?"

"Labda kilikuwa kinanyata," Tumbili akasema, na wanyama wakacheka, kwa, kwa, kwa.

Ngiri hakucheka. Alikuwa mwenye haki kwa namna yake. Akanusa tena, akasogea nyuma, akasimama.

"Na hapa alisimama Kwale. Alisimama sana, vidole vimezama. Kwale, njoo. Ulikuwa unatazama nini?"

Wote wakamgeukia. Kanga akamtazama mdogo wake. Hakumwomba. Alimtazama tu.

Na Kwale alikuwa amekiona. Alikiona kuliko hata Kanga. Tena kipande chake kilimdondokea, uzi mweupe mwembamba, ukamnasa kidoleni, akaupangusa ndani ya kishimo cha vumbi akaufukia. Lakini akakumbuka kumbikumbi. Akakumbuka "mimi ndiye mkubwa". Moyo ukawa mgumu kama kokwa ya kunazi.

"Nilikanyaga mwiba, Babu."

"Na juu?"

"Sikuona kitu."

Ngiri akatikisa kichwa. "Kanga, desturi unaijua. Wewe na wanao hamtakunywa hapa mpaka upatikane unyayo wa hicho kitu chako. Ukipatikana hata mmoja, nitakuomba radhi kwa magoti mbele ya wote."

Kanga akawakusanya watoto wake. Papatu, papatu, wakaondoka na kiu.

Asubuhi iliyofuata walilamba umande majanini. Kiangazi kikakaza, umande nao ukakoma. Wakalamba magome. Wakalamba mawe. Yule mdogo wao wa mwisho akauliza, "Mama, kile kitu ndicho kilichokunywa maji yetu?" Kanga akamfunika kwa bawa.

Na Kwale? Kwale sasa kishimo chote chake. Anaingia asubuhi, anaingia jioni, hakuna wa kumwambia subiri. Lakini mgongo, jamani. Anajipinda huku, anajipinda kule, mgongo haufikiwi.

Siku moja yuko humo anajipinda, Kanga akaja. Amekonda, shingo imekuwa kama uzi. Kwale akajikusanya, akangoja matusi.

"Oga tu," Kanga akasema. "Nimekuja kuaga. Nahama na watoto, nakwenda ng'ambo ya mbuga kutafuta maji."

"Ng'ambo ya mbuga? Kule hakuna kichaka hata kimoja. Mwewe je?"

"Hapa ni kiu, kule ni Mwewe. Nikikaa watakufa wote. Nikienda, labda hatawachukua wote." Akakitazama kishimo. "Kishimo ni chako, mdogo wangu."

Akageuka aende. Na alipogeuka, mguu wake wenyewe, bila kuambiwa, ukafanya ulichozoea. Ukapiga vumbi. Fu, fu, fu, likaanguka juu ya mgongo wa Kwale.

Halafu akaenda zake.

Kwale akabaki pale. Mgongo umepata vumbi la vuguvugu. Akamwona mama yao, akasikia chafya zao, akasikia kile kicheko. Akaanza kuchakura. Kukuru kakara, kukuru kakara, anachimba na mdomo, anachimba na miguu, mpaka ule uzi ukatoka. Akaubana mdomoni, akakimbia bwawani, akamwekea Ngiri mbele ya pua.

"Babu, unyayo wake huu hapa."

"Umeutoa wapi?"

"Ulinidondokea. Nilikuwepo. Nilikiona kitu, nikakana kwa sababu ya kishimo cha vumbi. Na sasa Kanga anahama na wanawe, anavuka mbuga."

Tumbili akasogea karibu.

Ngiri akanusa ule uzi. Fhu. Fhu. Kitu gani hiki. Akanusa tena. "Buibui," akasema. "Mwiteni Kanga arudi kabla hajaingia mbugani. Nyie wengine nifuateni."

Pongo mwenye mbio akaenda, akamkuta Kanga ukingoni mwa mbuga, watoto wamejipanga nyuma yake. Akawarudisha.

Wakakutana wote kwenye mkunazi. Ndani ya matawi, kwenye jani moja lililokunjamana, alikaa Buibui kizee. Alikaa hapo miaka na miaka, wote wakipita chini yake kwenda kunywa, hakuna aliyewahi kumjulia hali.

"Bibi, uzi huu ni wako?" Ngiri akauliza.

Buibui akaupapasa kwa mguu mmoja, taratibu. "Si wangu. Wangu sasa mzito. Huu wa wanangu."

"Wako wapi?"

"Wameondoka. Mbona waliwapitia juu yenu?"

"Na hukusema, Bibi, mtu anahukumiwa hapa chini yako."

"Nilisema. Sauti yangu ndogo. Na nyie wote mlikuwa mmeinama mnatafuta nyayo."

Buibui akasema, "Wanetu huondoka kila mwaka. Mtoto anapanda ncha ya tawi, anatoa uzi wake, upepo unamchukua, fuuu, mmoja mmoja. Ndiyo dunia yetu. Lakini hawa wa mwaka huu walikataa kuachana. Wakaunganisha nyuzi, wote pamoja, ndipo wakaruka. Nikawaambia mtakuwa wazito, mtaanguka. Hawakunisikia."

Halafu akauliza, "Nani kati yenu aliyewaona?"

"Mimi," Kanga akasema.

"Walikuwaje? Macho yangu yanaishia kwenye jani hili."

Siku zote zile, mwanangu, kila mtu alimuuliza Kanga nyayo ziko wapi. Huyu ndiye wa kwanza kumuuliza walikuwaje.

"Walikuwa weupe, Bibi. Wanapanda, wanashuka, wanajikunja kama shuka inayokung'utwa asubuhi."

"Waling'aa?"

"Waling'aa mpaka nikaogopa."

"Wakaelekea wapi?"

Kanga akakwama. Yeye alikuwa ameficha kichwa. Akamtazama mdogo wake.

Kwale akasogea karibu na lile jani. "Walivuka bwawa, Bibi. Wakapita juu ya nyasi ndefu, wakashuka kidogo, nikadhani wameanguka. Wakapanda tena. Wakaenda upande wa milimani, kwenye ukungu. Niliwatazama mpaka wakawa kama nukta."

"Hawakukatika?"

"Hawakukatika. Walikwenda wote."

"Wote?"

"Wote, Bibi."

Buibui akasema, "Basi." Akarudi ndani ya jani lake, na alivyotikisika utando wake wa zamani ukapukutika, vipande vyeupe, puku, puku, puku, vikamwangukia Kanga mwili mzima. Kila kilipotua pakabaki doa. Ndiyo yale madoa.

Na Ngiri je? Alikuwa ameahidi. Akashuka magotini mbele ya Kanga, mbele ya wote, mzee mzima na pembe zake za mdomoni. Kanga akamwambia, "Inuka, Babu, yameisha." Ngiri akasema, "Acha kwanza." Na mpaka leo mkimwona anakula majani, mtamkuta amepiga magoti. Hajajisamehe.

Vifaranga wakaingia majini mpaka kifuani. Wakanywa, wakanywa. Kanga akanywa mwisho.

Halafu jioni ile, jua bado lipo, wale ndugu wawili wakaingia kishimoni pamoja. Nani kwanza? Hakuna aliyeuliza. Fu, fu, fu, na huku fu, fu, fu. Wakapiga chafya. Ila wa kucheka nao hakuwepo tena, hilo halikurudi.

Na Kwale lile neno alilolimeza siku ile halikumtoka kooni. Ndiyo maana analisema asubuhi, na jioni analirudia, hata kama hakuna aliyemuuliza. Nyie mkienda kuteka maji mnamsikia vichakani, anapiga kelele, mnasema Kwale ana nini. Anasema, nilikiona, nilikiona, nilikiona. Sikilizeni kesho.

Basi, wadogo na wakubwa: ukiona, sema umeona, hata kama atakayepona kwa neno lako ni yule mliyenuniana. Vumbi la mama yenu halitamkimbia mtu. Mtoto mwenye kiu hangoji nyie mpatane.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mkunazi. Na wale wawili wa kinu, kinu kipo jikoni na michi miwili. Kesho nataka kusikia mnatwanga.