Dagaa Chini ya Turubai

Ketini, wapendwa, ketini. Najua wengine mmeacha maharage jikoni, sitawaweka sana. Kuna mzee mmoja nataka mumjue.

Mzee huyu alikaa mji wa mpakani, na kazi yake ilikuwa kufunga mizigo kwenye malori. Msifikiri ni kazi ya kubabaisha. Yeye akikaza kamba juu ya turubai, lori lilipita makorongo yote ya nchi jirani na hata kopo halikudondoka. Tena alikuwa na desturi aliyorithi kwa baba yake. Akimaliza fundo la mwisho anavua kofia, anapiga turubai kwa kiganja, anaomba: "Bwana, ufikishe mzigo huu salama kwa anayeusubiri." Madereva walikuwa hawaondoki bila sala ile. Hata wale wasiosali mwaka mzima, nanyi mnajijua, walizima injini wakasubiri.

Sasa, alikuwa na binti mmoja tu. Alimpa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuthubutu kumwita kwa jina, alimwita Mama. Huyo Mama aliolewa ng'ambo ya mpaka na mwalimu mmoja mpole, wakapata mtoto. Jamani, mzee alimpenda yule binti! Siku ya kumsindikiza alisingizia mafua, eti macho yanamtoka machozi kwa sababu ya mafua. Mkewe akamwacha na mafua yake. Tangu hapo, kila lori lililoelekea kule alilichomekea kifurushi chini ya turubai: dagaa wa kukaanga, karanga, mara nyingine khanga. Dereva akipita mlangoni kwa binti anakishusha. Mmeona sasa kwa nini sala ile ilikuwa inatoka moyoni?

Kisha kule ng'ambo kukazuka vita ya wenyewe kwa wenyewe. Ndugu walioazimana chumvi wakaanza kuwindana. Malori hayakupungua, yaliongezeka. Masanduku yaliteremshwa melini kutoka Uingereza, yakaletwa mpaka pale, mapya kabisa, yananuka mbao na grisi. Mengine yalikuwa wazi juu, yana mabuti, mablanketi na kofia za chuma. Mengine yalikuwa marefu, na vijana wa kupakia waliyabeba wakiguna.

Mkewe alipomletea chai akamuuliza yale marefu yana nini. Mzee akasema yeye hakuitwa kufungua, ameitwa kufunga.

"Mzee wangu," mkewe akasema, "uzito ule si wa majembe."

Mzee akapuliza chai yake, akanywa. Halafu akasema analojua yeye ni moja tu, kwamba lori likipinduka dagaa wa Mama watamwagika.

Mnacheka. Nami nilicheka. Lakini mmelisikia jibu lake? Hakusema hajui. Alisema kuna dagaa. Akafunga, akapiga turubai, akaomba, na lori likafika salama. Likaja jingine, akaliombea nalo.

Mchana mmoja yuko juu ya lori anakaza kamba, akaona watu wanavuka mpaka kwa miguu, na vyungu kichwani. Katikati yao palikuwa na mwanamke aliyevaa mabuti ya kiume, makubwa, anayaburuta, na mtoto mgongoni amefungwa kwa blanketi la askari. Mzee aliyajua mabuti yale na blanketi lile kabla ya kumjua mtu mwenyewe. Kisha akautambua mwendo, ule ule wa mama yake mzazi: alikuwa binti yake. Sijui aliteremkaje kutoka juu ya lori kwa umri ule. Alimkumbatia yeye na mtoto kwa pamoja, akalia, na safari hii hakusingizia mafua.

Mtu akizidiwa na furaha husema jambo lolote. Mzee akauliza, "Mama, dagaa walikuwa wanafika?"

Binti akamtazama baba yake. Alimpenda, hakutaka kumuumiza. Lakini alikuwa ametoka kumzika mumewe.

"Walifika, Baba, kila mara. Na yale masanduku nayo yalifika. Lori lilisimama kwetu, likanipa dagaa, likaenda kambini. Waliompiga risasi baba wa mtoto walikuwa na bunduki mpya, bado zina grisi."

Dereva hakuwa amesikia neno. Akazima injini, akaita, "Mzee, sala bado."

Mzee akasogea, akavua kofia, akaweka kiganja juu ya turubai. Kwa anayeusubiri. Alikuwa ameyasema maneno hayo maisha yake yote, na siku ile ndipo alipojiuliza ni nani anayesubiri. Akashika lile fundo lake, fundo la baba yake, akaanza kulifungua.

Mtaniuliza, je, vita iliisha? Haikuisha. Dereva alitafuta mfungaji mwingine, hao hawakosekani, na lori likaondoka. Lakini liliondoka bila sala ya yule mzee.

Sasa na sisi, wapendwa. Msikae mkiwanyooshea kidole Waingereza, hawapo humu ndani. Tupo sisi. Nani kati yetu hana kifurushi chake chini ya turubai la mtu? Unajua kabisa kazini kwenu kuna jambo linaua watu polepole, lakini ada ya mtoto inatoka humo humo. Unajua shamba lile lilivyopatikana, lakini mama mzazi ametibiwa kwa mahindi yake. Basi hatuulizi. Tunakaza kamba vizuri, tunakuja hapa madhabahuni, tunasema Bwana bariki kazi ya mikono yetu. Na upendo wetu ni wa kweli kabisa, hapo ndipo hatari ilipo.

Mpeni Mama dagaa wake. Mungu hakatazi dagaa. Ila kesho asubuhi, kabla hujavua kofia, inua turubai utazame. Maana mzigo huo utafika, na huko unakofika kuna binti wa mtu.