Mwamsha Ndani ya Sanduku

Wapendwa, kulikuwa na mtaalamu mmoja aliyetoka nchi ya mbali, enzi za babu wa babu zetu, akaja kukusanya mimea ya huku kwetu. Alikuwa na wapagazi thelathini, na mbele yao kiongozi wa njia, mwenyeji aliyejua kila jani.

Siku moja kiongozi akamwonyesha mti mdogo, wa pekee uliosalia pale baada ya nyika kuungua.

"Bwana, huu twauita mwamsha. Mzizi wake ukichemshwa, humwamsha mwenye homa aliyelala hoi."

Mtaalamu akafurahi kama mtoto. Akaung'oa na mizizi yote, akaukausha katikati ya karatasi, akauandikia jina la malkia wa kwao, akaufungia sandukuni. Na sanduku lile, jamani, akatwikwa nani? Yule yule kiongozi!

Baada ya wiki mbili za safari, mdogo wake kiongozi, naye mpagazi, akashikwa na homa. Siku ya tatu hakumtambua hata kaka yake. Kiongozi akaenda hemani, akapiga magoti.

"Bwana, naomba mwamsha. Kipande cha mzizi tu, kama kidole hiki."

"Hapa hakuna mwamsha," mtaalamu akajibu bila kuinua uso kwenye daftari. "Kuna Mti wa Malkia, nao ni mmoja tu."

"Bwana, si ule niliokuonyesha mimi mwenyewe?"

"Umeshaandikwa. Ukikatwa utaharibika."

Mnausikia upuuzi huo? Utaharibika! Mti uliokufa utunzwe, mtu aliye hai aachwe! Kiongozi alitoka pale damu inamchemka, akiulaumu mdomo wake kwamba heri angenyamaza siku ile. Kesho yake akamzika mdogo wake kando ya njia, na kabla hajapangusa udongo mikononi akaamriwa ajitwike tena sanduku.

Naona mmekunja nyuso. Mnamlaani yule mtu. Ngojeni kwanza! Jengo lile hapo nje, tulipoweka jiwe la msingi tuliliitaje? Si Kimbilio? Tukawaita watu wa bondeni wabebe mawe, wakabeba, hata akina mama wenye mimba. Leo linaitwaje? Ukumbi wa Jubilei! Na Jumanne mto ulipofurika, yule mama mwenye mapacha akaja kugonga, tukamwambiaje? "Mama, tumetandika kapeti jipya, na Jumamosi kuna harusi." Akalala na watoto wake kwenye vibanda vya soko. Pacha mmoja yuko wodini sasa hivi, anapumulia mashine.

Yule mtaalamu ni sisi. Tena sisi tumemzidi ubaya, maana tulimfukuza yule mama kisha tukaingia humu kuimba. Nina hasira, na sitaificha kwa sababu nimevaa kanzu. Mvua bado inanyesha, na watu wa bondeni bado wako sokoni. Mwenye ufunguo wa ukumbi ameketi humu ndani. Sitasema amina mpaka asimame, atoke, akafungue.