Nusu ya Chini

Masika yalimkuta Mkunde ana mtungi wa unga wa ulezi wa kupikia mbege, pombe ya harusi ya bintiye, na paa lake linavuja. Ghala kavu lilikuwa moja tu kijijini, la Mzee Ndesario, naye alitaka nusu ya unga ndipo autunze.

"Sawa, mzee wangu. Ila niachie nusu ya chini. Ya juu huota ukungu."

"Ghala ni langu, na ya chini ni yangu. Wewe utachukua ya juu."

Mkunde alinung'unika kidogo, kwa adabu, akaufunga mtungi.

Mvua zilipokatika, alichota nusu yake, kavu na yenye kunukia vizuri. Ndesario akatumbukiza mkono.

"Mkunde, hizi si pumba?"

"Ndizo, mzee wangu. Nilizitandika chini, zikanyonya unyevu wote. Bila nusu yako, yangu ingeoza."